Uzi Mbele ya Feni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Wagunduzi wakubwa wote waliandika kila siku walichofanya, na wale ambao hawakuandika waliibiwa. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini mwandiko ninao, na bandari nilizotia mguu ni nyingi kuliko kurasa za daftari hili. Chuo changu kilikuwa chumba cha injini cha meli. Nilifuta mafuta humo miaka mitano, na mfuta mafuta huona kila kitu kwa sababu hakuna anayemwona yeye.

Sasa nina meza kwenye kona ya duka la Mama Fotokopi. Kompyuta zilizokufa huletwa kwangu, nami nachomoa feni zake na kuziundia kidude cha kuongoza mwendo. Wenye vitabu wanakiita PWM. Mimi nakiita Washa-Zima, kwa kuwa ndiyo kazi yake: kinawasha umeme na kuuzima mamia ya mara ndani ya sekunde moja. Kikiwasha sana na kuzima kidogo, feni inakimbia. Kikiwasha kidogo na kuzima sana, feni inatambaa. Ukikifunga kwenye taa ya LED, inafifia au inang'aa upendavyo. Chipu ya miguu minane, transista moja, kitufe cha kuzungusha kama cha sauti ya redio, na akili. Hiyo ya mwisho haiuzwi dukani.

Jumanne, 4 Machi

Washa-Zima ya kwanza: moshi.

Jumatano, 5 Machi

Ya pili inafanya kazi, ila feni inalia ngiii kama mbu sikioni.

"Baharia," kasema Mama Fotokopi, "hiyo feni inaumwa?"

"Inaimba."

"Basi iambie tumeusikia, ibadilishe wimbo."

Jumamosi, 8 Machi

Dada kaja na sura ya mtu aliyetoka kuzika, na kweli alitoka kuzika. Mdondo umeingia bandani kwake. Kuku wote wamekwenda, na jogoo wa mwisho kaanguka leo asubuhi.

Hapa lazima nieleze, maana hao si kuku wa kununua. Ni kuku wa mama. Mama alipofariki mwaka juzi alituachia cherehani, ambayo imekufa; ushauri, ambao sikuufuata; na kuku wa shingo tupu, wasio na unyoya hata mmoja toka kidevuni hadi kifuani, wabaya wa sura kama wajomba zangu na wagumu kama mama mwenyewe. Alikuwa nao tangu sisi hatujazaliwa. Dada aliwachukua, akawalea, wakaleana. Hata vifaranga waliototolewa mama akiwa kaburini, dada aliwaita "wa mama".

Kilichobaki ni mayai, trei mbili ndogo, aliyoyaokota kabla ugonjwa haujafika. Kuku wa kuyaatamia hayupo, maana mdondo haukubagua nyumba. Na yai la kutotoa halingoji. Likilala siku nyingi linakuwa la kukaanga.

Dada kakaa kwenye kigoda changu, maji ya mvua yanamdondoka kwenye mtandio.

"Wewe si ndiye unayejisifu unaweza kutengeneza kila kitu?"

"Nasema na natenda, dada."

"Haya. Nitengenezee kuku."

Jumapili, 9 Machi

Kuku wangu ni friji bovu la shemeji. Alikuwa anahifadhia humo viungo vya mabomba. Shemeji ni fundi bomba, mtu anayetumia maneno kana kwamba yanatozwa kodi. Nimemweleza mpango mzima kwa nusu saa, kwa mikono na miguu. Alipoona nimemaliza kasema, "Sawa, Injinia," akaanza kutoa mabomba yake. Sijui dada alimpendea nini. Ukuta una mazungumzo zaidi.

Mpango ni huu. Balbu mbili juu ndizo joto. Feni ya kompyuta ukutani inalisambaza joto hilo, kwa sababu joto likiachwa linapanda juu na kukaa huko kama bosi. Trei moja juu, trei moja chini. Kipimajoto chini kabisa: kukiwa na baridi kinawasha balbu, kukiwa na joto la kutosha kinazizima. Mlangoni kioo, na ndani taa ya LED, ili dada achungulie bila kufungua. Washa-Zima moja ya feni, nyingine ya taa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimegundua jambo!

Mama Fotokopi alilalamika kuwa taa niliyomfungia kaunta inamuumiza kichwa. Nikamwambia wanaomuumiza kichwa ni wateja wake. Akachukua kalamu, akaipunga chini ya taa, akanionyesha: kalamu moja imekuwa kalamu sita, kama vidole. Nikaelewa papo hapo. Taa yangu inawaka na kuzima. Jicho halioni kuzima, lakini kitu kinachotembea kinaonekana vipande vipande.

Nikaleta feni chini ya taa ileile, nikazungusha kitufe polepole. Mapanga yakapungua mwendo, yakapungua, yakasimama tuli. Naapa yamesimama, unaweza kuyahesabu. Kumbe yanazunguka mbio! Kila taa inapowaka, panga lingine limeshafika pale lilipokuwa la kwanza, na jicho linadhani ni lilelile.

Mama Fotokopi akanyoosha kidole alishike. Nikampiga mkono.

"Imesimama hiyo!"

"Ndivyo jicho linavyokudanganya, mama. Weka karatasi uone."

Akaweka risiti, ikanyofolewa, vipande vikamrukia usoni. Duka zima lilicheka. Nimerudia mchezo huo kwa kila aliyeingia, hadi aliyeuliza tu njia.

Jumatano, 12 Machi

Mayai yameingia. Makubwa na mazuri dada kayapanga trei ya juu, kila moja kaliandikia alama upande mmoja kwa penseli, ili ajue ameyageuza. Madogo chini.

Nilimwonyesha na yeye mchezo wa feni. Nilizima taa ya chumbani, nikazungusha kitufe mpaka mapanga yakaonekana yamesimama nyuma ya kioo. Dada akashika kifua.

"Usiogope," nikamwambia. "Ukichungulia ukaona imesimama, jua ni taa inakuchezea. Usifungue mlango. Kila ukifungua, joto linatoroka."

"Na siku ikisimama kweli nitajuaje?"

"Ya kwangu haisimami."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi. Alinitazama mimi, akatazama feni, akaondoka zake.

Ijumaa, 14 Machi

Feni nimeishusha mwendo. Upepo mwingi unakausha mayai, na kelele zilimnyima dada usingizi. Nilianza nayo juu, nikashuka kidogo kidogo hadi kimya kabisa, na bado inazunguka. Mbu angeona aibu. Nilipiga picha.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeyamulika. Unaweka yai mbele ya tochi gizani, na lenye uhai linaonyesha mishipa, kama mizizi myekundu inayotafuta maji. Karibu yote yana mishipa. Dada alikuwa analipokea kila moja kwa mikono miwili, akinong'ona. Nilidhani anahesabu. Alikuwa anamsalimia mama.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua nikipiga mluzi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi baada ya muda mfupi. Dada anasema mashine iliwaka sawa.

(Baadaye: aliniambia shemeji alilisukuma friji kidogo kufagia maji yaliyoingia. Mtikisiko huo ndio uliiamsha feni. Hatukujua.)

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Mabomba yanapasuka mji mzima, shemeji harudi nyumbani ila kubadilisha viatu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepewa kazi ya taa za jukwaa kwenye ukumbi mkubwa. Taa mia, Washa-Zima kumi, rangi zinazopishana. Mama Fotokopi kasema sasa nitahitaji mlango mpana wa kupitisha kichwa.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika kwa sababu nisipoandika leo sitaandika tena.

Mchana nilikuwa ukumbini, juu ya ngazi. Chini kulikuwa na mafundi wa jukwaa, wapambaji na meneja. Wamekusanyika, mimi nawasimulia bandari, nao wanacheka. Kulikuwa na radi, umeme ukakatika mji mzima, ukarudi. Taa zangu zote ziliwaka. Watu wakapiga makofi.

Simu ikaita. Dada. Mikono yangu ilikuwa na waya, nikaweka sauti ya nje ili nizungumze huku nafanya kazi. Huo si ukweli wote. Niliweka sauti ya nje ili wasikie jinsi ninavyotafutwa.

"Mdogo wangu, umeme umerudi. Balbu zimewaka, taa imewaka, lakini feni naiona imesimama."

"Dada yangu jamani! Si nilikuonyesha? Hayo ni macho."

"Leo imesimama vingine."

"Imesimama vingine!" nikawageukia watu. "Kuna kusimama kwa namna ngapi, dada? Kusimama kwa kulala?"

Wakacheka. Yeye alisikia wakicheka.

"Nifungue nishike upepo?"

"Usiguse mlango! Joto litatoroka. Niamini mimi."

"Haya," akasema. "Nimekuamini."

Nikarudi kwenye hadithi yangu.

Shemeji alirudi jioni, miguu imelowa. Hakuuliza kitu. Alipita karibu na friji, akanusa. Fundi bomba pua yake ndiyo inamlisha. Akafungua mlango. Joto la juu lilimpiga usoni kama la tanuri, na alipoinamisha mkono chini kulikuwa na baridi. Feni ilikuwa imesimama. Imesimama kweli, kwa namna moja tu iliyopo. Joto lote lilikaa juu na balbu zake, na kipimajoto huko chini kinaona baridi, basi kinaziambia balbu: wakeni, wakeni. Mchana kutwa.

Nilipofika dada alikuwa amekaa sakafuni na trei ya juu mapajani. Makubwa yote, yenye alama za penseli. Hakulia, na hakunitukana. Angenitukana ningepona.

"Niliona," aliniambia. "Kwa macho yangu haya niliona imesimama. Halafu nikajiambia, macho yangu yana nini mbele ya mtu aliyetembea dunia."

Jumanne, 25 Machi

Sikwenda ukumbini. Kwenye friji jana usiku niliacha feni nyingine, imefungwa moja kwa moja kwenye umeme, nami nimekaa mezani na feni ileile na Washa-Zima ileile, na kitufe palepale nilipokiweka.

Nikazima. Nikawasha. Feni ikatetemeka kama mtu anayetaka kupiga chafya, ikatulia. Nikazima, nikawasha. Ikatulia. Nikaisukuma kwa kidole: ikaanza, ikazunguka vizuri, kimya, nzuri ya kupigwa picha.

Ni kama baiskeli. Ikishakuwa mwendoni hata mtoto anaikanyaga. Kuiondoa pale iliposimama, na mzigo, kwenye tope, ndipo paja linapojulikana. Washa-Zima zote nilizounda nimezijaribu kwa kuanzia juu na kushuka. Hata moja sikuianzisha kutoka chini. Kuanzia juu ndivyo nilivyo, sihitaji fundi wa kunieleza.

Mama Fotokopi aliniletea chai, akaiweka, akasubiri nitanie.

"Baharia, umezama?"

"Nimezama, mama."

Akaizima taa ya kaunta iliyokuwa inamuumiza kichwa. Hakusema nimesamehewa wala nijisamehe. Akaenda kuhudumia mteja.

Jumatano, 26 Machi

Tumemulika tena. Trei ya juu: maji na kiwingu, moja baada ya jingine. Mishipa imekatika, kuna duara jekundu tu lisiloenda popote. Dada aliyafunga kwenye kitambaa, shemeji akachimba shimo nyuma ya nyumba. Nilipotaka kushika jembe kasema, "Acha." Neno moja, na lilinitosha.

Trei ya chini, yale madogo: baadhi yana kivuli kinachosogea. Kinasogea kidogo, kama mtu aliyejifunika shuka kwenye baridi. Mengine sijui. Dada hajui.

Nimefunga Washa-Zima mpya. Ina kapasita inayoipa feni nguvu zote kwa pumzi ya kwanza, kama teke, halafu ndiyo inashuka. Nimekata umeme na kuurudisha mpaka shemeji alipochoka kuangalia. Kila mara ilianza. Nikamgeukia dada nimwambie sasa haisimami kamwe. Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemkuta dada amefungua mlango wa mashine bila kunipigia. Amefunga uzi mwekundu, mrefu kama mkono, kwenye wavu wa feni, umening'inia mbele ya trei. Upepo ukiwepo, uzi unacheza. Usipokuwepo, unalala.

"Huu hauna habari na taa zako," kasema.

Dunia nzima nimeitembea, na sikuwa na uzi.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Dada hakupiga simu.

Jumapili, 30 Machi

Nilipita kugeuza mayai. Dada kasema yameshageuzwa. Nikauliza kama kuna la kufanya. Kasema hakuna. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi za mbele, mvua inapiga bati.

Shemeji akatoka akakaa kando yangu. Halafu akaongea, na naandika kama alivyosema, maana ni hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia:

"Mwaka ule nilifunga bomba la mama. Nikamwambia halivuji. Likavuja, likaharibu mchele wake wote. Aliniita mkwe mpumbavu mbele ya watu. Kesho yake akaniita nikale."

"Ulikula nini, na mchele umeharibika?"

"Ugali."

Nikacheka, na nilipocheka nikaona machozi yanakuja nayo. Alinipa kitambaa chenye grisi. Nilikosea kumwita ukuta. Ukuta hausogei kukupa nafasi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimebadilisha taa zote za Mama Fotokopi. Washa-Zima zinazopiga haraka zaidi, mara elfu nyingi kwa sekunde, kalamu inabaki kalamu moja. Kasema kichwa kimetulia. Sikumwambia jinsi nilivyofanya. Kasema sasa anaanza kuogopa.

Jumatano, 2 Aprili

Leo ni siku ya ishirini na moja, siku ya mayai kuanguliwa. Hakuna kitu. Tumebandika masikio kwenye kioo kama wadaku. Hakuna.

Dada kasema yai lililopata baridi huchelewa. Nikasema ndiyo. Hakuna kati yetu aliyemtazama mwenzake.

Alhamisi, 3 Aprili

Hakuna.

Dada ameanza kuifua nguo ambayo ni safi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilikuwa mezani na solda mkononi simu ilipoita. Dada. Tangu siku ile hakuwahi kunipigia.

"Uzi umesimama," kasema.

"Feni inazunguka?"

"Mimi nitajuaje? Injinia ni wewe. Nakwambia uzi umesimama."

"Fungua mlango, dada! Fungua sasa hivi, shika upepo, usiningoje!"

"Njoo uone mwenyewe."

Solda niliiacha imewaka. Mama Fotokopi alipiga kelele nyuma yangu, "Mwavuli!", nami nikaukimbia mwavuli. Nimekimbia mji mzima, madimbwi yote nimeyapima kwa miguu. Mtu wa umri wangu na tumbo langu hakimbii hivyo ila ameiba. Njiani nilikuwa nasema, mama, usinifanyie hivi, niite mpumbavu mbele ya watu, usinifanyie hivi.

Nikaingia bila kubisha. Dada alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, shemeji nyuma yake na spana yake ileile. Nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa la pembeni: upepo ulikuwa unatoka, wa vuguvugu, sawasawa. Feni inafanya kazi.

"Lakini uzi..." nikasema.

"Angalia uzi," kasema dada.

Nikaangalia. Kwenye trei ya chini, kati ya maganda yaliyovunjika, kulikuwa na kitu kimelowa, kibaya, chekundu, kama kidole kilichokaa kwenye maji. Kimelala juu ya ncha ya uzi, kimeukandamiza kwa kifua. Kila upepo ukiuvuta, chenyewe kinauvuta kwa mdomo na kulalamika. Shingo yake ilikuwa tupu kabisa, toka kidevuni hadi kifuani.

"Mjomba mtupu," kasema shemeji.

Dada alicheka mpaka akashika sakafu. Alijua. Alipopiga simu alikuwa anajua, akaniacha nikimbie mji mzima kwenye mvua, na amefanya vizuri.

"Kifaranga mmoja si ukoo," nikasema, nikihema. Nilitaka awe wa kwanza kusikia ukweli kutoka kwangu.

"Si ukoo," akakubali. Akasogea kidogo, akanipisha mbele ya kioo. "Lile la pembeni naliona lina ufa. Au ni taa inanichezea?"

Niliangalia muda mrefu. Ningeweza kusema chochote.

"Sijui, dada," nikasema. "Wewe unaonaje?"